Ndigana Kali, Ndigana Baridi

"Binti, huyu mtamba anapumua vibaya," mama mmoja alisema kwenye simu ya duka, bila hata salamu. "Nimefanya vilevile mlivyoandika. Sindano amechomwa tangu juzi. Leo amekataa majani, amekataa maji, na Jumapili si wangu tena."

Agnela Massawe alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo, Levolosi mjini Arusha, anapanga picha za vifaranga kwenye kompyuta. Akaziacha.

"Shikamoo, mama. Jumapili si wako kivipi?"

"Marahaba. Mimi Naeku, niko huku Oldonyo Sambu." Akaeleza haraka haraka, kama mtu anayeogopa salio litakata. Kina mama wa usharika wao wana kikundi. Ukipewa ng'ombe, ndama jike wa kwanza unamlea mpaka awe mtamba, kisha unamkabidhi mwenzako anayefuata, mbele ya washarika, baada ya ibada. Huyo anayefuata anakuja na kamba yake mwenyewe, mpya, anamfunga, anaondoka naye. Safari hii zamu ilikuwa ya Theresia, mjane wa jirani, aliyekuwa anangoja ng'ombe huyo tangu hajazaliwa. "Kamba ameshanunua," Naeku alisema. "Kila siku anakuja na majani anamlisha mkononi. Sasa mimi nitamwambia nini?"

"Amevimba popote?" Agnela aliuliza, maana ndivyo alivyomsikia daktari akiuliza wateja.

"Hapa chini ya masikio. Tezi zimekuwa kama viazi. Na puani kuna povu."

"Ngoja kidogo, mama. Nimuulize daktari, nakupigia sasa hivi."

Alikata simu. Ukimsikia anaulizia tezi unaweza kudhani ni daktari. Daktari wapi! Agnela ni mtoto wa Moshi mjini. Baba yake anauza spea za magari, mama yake ni wa Kilema, na ng'ombe alikuwa anamjua kwa maziwa ya asubuhi na nyama ya Krismasi, basi. Alisomea kompyuta ngazi ya diploma, akaja Arusha kutafuta maisha, akapanga chumba Sombetini kwenye nyumba ambayo mpaka leo ghorofa ya juu ni nondo tupu. Kazi aliyoipata ni kuuza chakula cha kuku kwenye duka la Sylvanus, Mchaga mwenzake, ambaye mtaa mzima unamwita Mangi. Alikuwa anapima pumba na kufunga vifuko, na jioni anafua sare yake ya duka kwa kesho yake.

Siku moja Mangi akamkuta anasahihisha tangazo lililobandikwa mlangoni. Akamuuliza, kumbe unajua kuandika? Tangu hapo akampa tovuti ya duka, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Tovuti yenyewe, wewe acha tu. Kwa miaka mingi aliyekuwa anaiandikia ni Daktari Lerionka, daktari wa mifugo anayetumiwa na duka lile. Lerionka akitoka kutibu mbuzi anaandika kuhusu mbuzi. Kesho kaitwa kwa kuku, anaandika kuku. Kesho kutwa kupe, kisha kwato, kisha kuku tena. Maneno yalikuwa mazuri, tena ya mtu anayejua, lakini yalilundikwa pamoja kama mitumba ya soko la Kilombero siku ya kufungua belo, shati zuri limelaliwa na suruali ya mtoto. Google ikipita pale haielewi duka hili linahusu nini hasa. Mtu wa Ngaramtoni akitafuta dawa ya ng'ombe wake anaoneshwa kwanza duka la jirani, lililofunguliwa juzi tu.

Hilo Mangi halikumpita. Alikuwa anatafuta kwa simu yake kila asubuhi kabla ya chai, na kila asubuhi jirani yuko juu yake. "Agnela," alimwambia mwezi wa pili, macho yamemtoka, "mpaka Pasaka. Duka langu lisipopanda, tovuti naifunga, na mimi na wewe tunaagana vizuri tu." Agnela alijua maana ya kuagana vizuri. Alikuwa ameshaona wawili wakiagwa.

Basi akajifunza. Alisikiliza mafunzo kwenye simu mpaka masikio yakawasha. Yote yalisema jambo moja: panga maandishi yako kwa mada. Weka ukurasa mmoja mkubwa wa kuku, uuzungushie kurasa ndogo ndogo za kuku, zote zishikane kwa viungo, mtu akiingia mlango mmoja apite vyumba vyote. Fanya hivyo kwa mbuzi, fanya hivyo kwa ng'ombe. Na ukikuta kurasa mbili zinazogombania neno moja, ziunganishe, maana zinaangushana. Hilo la mwisho alilikariri.

Kurasa za kuku alizimaliza, za mbuzi akazimaliza. Alipofika kwa ng'ombe akakutana na kurasa mbili fupi za Daktari Lerionka. Moja imeandikwa Ndigana Kali. Nyingine Ndigana Baridi.

Sasa hebu jiweke mahali pake. Wewe umekulia mjini, utotoni uliwahi kulazwa hospitali ya Mawenzi na malaria kali, na ulijua kwamba malaria kali ni malaria ileile iliyopanda. Ukikuta ndigana kali na ndigana baridi utaelewaje? Agnela akaelewa hivyohivyo. Ndigana inaanza ikiwa baridi, ikichelewa inakuwa kali. Ugonjwa mmoja, kurasa mbili zinaangushana. Akaziunganisha. Akapanga vizuri: dalili zote pamoja, kisha tiba kwa hatua. Hatua ya kwanza, antibiotiki ya kawaida. Hali ikizidi baada ya siku kadhaa, ile dawa ya ndigana kali. Ukurasa ukatoka msafi, unasomeka kama maji. Alimtumia Lerionka kwa WhatsApp auangalie, lakini Lerionka alikuwa Longido kwenye chanjo, huko ndani ndani ambako mtandao ni wa kubahatisha. Ujumbe ukakaa na tiki moja.

"Weka," Mangi alisema.

"Daktari hajausoma, bosi."

"Ataangalia akirudi. Kwani maneno si yake? Wewe umeyapanga tu. Weka!"

Akaweka. Mvua za masika zikaanza, kupe wakatoka, watu wakaanza kutafuta ndigana kwenye simu zao, na ukurasa wa Agnela ukawa unapanda. Wiki ile ukampita jirani. Kisha ukazipita tovuti za mikoa mingine. Asubuhi moja Mangi alipiga ukelele akiwa bado mlangoni, maana ukiandika ndigana, cha kwanza kabisa kutokea, juu ya vyote, ni duka lake. Aliagiza supu na chapati kwa duka zima. Na Agnela, msimcheke, jioni ile alizunguka kwa wapangaji wenzake Sombetini akiwaomba simu zao. Andika ndigana, alikuwa anawaambia. Andika uone.

Hiyo ndiyo asubuhi aliyokuwa anaikumbuka sasa, amesimama na simu sikioni, akiomba Mungu Lerionka awe mahali penye mtandao. Iliita. Akapokea, upepo unavuma nyuma yake.

"Daktari, samahani. Kuna mama ana mtamba, tezi zimevimba chini ya masikio, povu puani. Alichomwa antibiotiki juzi, haijasaidia. Ndio ile baridi imegeuka kali?"

"Imegeuka?" Lerionka aliuliza. "Baridi haigeuki kali. Nani kasema inageuka?"

Agnela aliutazama ukurasa wake kwenye kompyuta.

"Agnela, hayo ni magonjwa mawili. Yote ya kupe, lakini kila ugonjwa una mdudu wake na dawa yake. Ndigana baridi unakuta kinyesi kigumu, ufizi umepauka. Tezi zikivimba hivyo ni kali, na hiyo antibiotiki haimfanyi kitu, siku zinakwenda bure. Chotara huyo? Hao hawaihimili kali. Mungu wangu. Ni nani aliyemwambia aanze na antibiotiki?"

"Sisi," Agnela alisema. Kisha akaona neno lile limekaa kiwoga. "Mimi. Niliunganisha zile kurasa zako."

Upepo ulivuma kwenye simu. Agnela alisikia gari likipita huko Longido, na mtu akisema Kimasai kwa mbali.

"Dawa yenyewe huku imeniishia," Lerionka alisema hatimaye. "Chukua chupa hapo dukani, panda pikipiki, njoo Oldonyo Sambu sasa hivi. Mimi nateremka kutokea huku. Na ule ukurasa utoe. Usisubiri niseme mara mbili."

Mangi alikuwa amesimama pembeni na amesikia nusu yake. Agnela alichukua chupa kwenye kabati, akamweleza nusu iliyobaki akiwa anavaa sweta. Uso wa Mangi ulikunjamana.

"Dawa peleka," alisema. "Usimdai hela, mpe tu. Lakini ukurasa usiuguse."

"Daktari amesema nitoe."

"Daktari analipa pango hapa? Ukitoa leo, kesho jirani yuko juu, na hatutapanda tena. Rekebisha sentensi, weka neno hapa, toa neno pale. Kufuta, hapana!"

"Bosi, umepangwa vibaya wote. Kuanzia jina."

"Agnela." Alishusha sauti kwa sababu mteja alikuwa anaingia. "Ukifuta ukurasa ule, usirudi."

Agnela alitoka. Bodaboda wa kijiweni pale nje alimkimbiza Sakina, Ngaramtoni, wakashika barabara ya Namanga, malori yanawapita yakiwatikisa. Upande wa kulia Meru ulikuwa umejifunika mawingu mpaka miguuni. Chupa aliishika kifuani kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na simu, na simu ilikuwa imefunguliwa pale pale, kwenye ukurasa, na kitufe cha kuufuta kilikuwa chini ya kidole gumba chake.

Hakukibonyeza. Lazima lisemwe hivyo lilivyo, maana ndivyo lilivyokuwa. Njia nzima alikishikilia kidole juu ya kitufe, akifikiria chumba cha Sombetini, akifikiria baba yake Moshi anavyowaambia wateja wa spea kwamba binti yake ni mtu wa mitandao Arusha. Aliogopa. Alijiambia kwanza aone huyu mtamba. Akipona, basi mambo yanaweza kuongeleka. Na wakati anajiambia hivyo, watu walikuwa wanaendelea kuusoma ukurasa, na alijua.

Kwa Naeku ni juu kidogo ya barabara, nyumba ya bati na zizi la mbao za fito, mahindi machanga yanainamishwa na upepo. Mtamba alikuwa amelala chini, mweusi na mabaka meupe, shingo ameinyoosha mbele. Kila akivuta pumzi mbavu zilionekana zote. Mama mmoja mwembamba alikuwa amechuchumaa kichwani pake, anampangusa pua kwa ncha ya khanga, na kando yake kuna mzigo wa majani mabichi ambao haujaguswa. Huyo ndiye Theresia. Naeku, mnene, mrefu, alikuja getini kumpokea Agnela kwa mikono miwili.

"Umekuja na dawa?"

"Nimekuja nayo, mama. Daktari yuko njiani."

"Bwana asifiwe," Naeku alisema, na akaishika ile chupa kwa namna ambayo Agnela alishindwa kumtazama.

Lerionka alifika na vumbi mpaka kwenye kope. Hakusalimia mtu. Alishika tezi, akapima joto, akaweka sikio kwenye mbavu, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko walivyopenda. Kisha akachoma sindano, akachoma na nyingine ya kukausha maji ya mapafu. Alipomaliza alifuta mikono kwenye suruali.

"Tungempata juzi," alisema, akaishia hapo, kwa sababu Theresia alikuwa anamtazama.

Wakasubiri. Hakuna kazi ngumu kama ile. Jua lilihama ukuta, upepo ukaendelea kuvuma, na wote wanne walikuwa wanahesabu pumzi za mnyama kimoyomoyo bila kuambiana. Kuna wakati mtamba aliinua kichwa. Theresia aliruka na tawi la majani, akamwekea mdomoni, akimbembeleza kwa Kiarusha kama mtu anayemlisha mtoto uji. Mtamba alilinusa. Agnela alikuwa ameshika fito za zizi kwa nguvu mpaka vidole vinauma, anasema kimya kimya Salamu Maria, kula, kula basi, kula hata moja.

Kichwa kikarudi chini. Povu likatoka kwa wingi, likiwa na rangi ya damu kidogo. Lerionka alipiga magoti, akamgeuza, akamkanda mbavu, akafanya yote ambayo daktari hufanya ili watu wamuone anafanya. Kisha akaacha.

"Eng'ai! Mungu wangu!" Naeku alisema, akajifunika uso kwa khanga.

Theresia hakulia. Alikaa palepale, bado ameshika tawi la majani. Baada ya muda alianza kuyakusanya yale majani mengine, akayafunga tena mzigo vizuri, kama mtu anayejua ng'ombe wa nani mwingine atayala.

"Mimi moyo uliniambia," Naeku alisema, uso bado uko ndani ya khanga. "Nilipoona zile tezi moyo uliniambia ni ile kali. Marehemu mama mkwe angeshika sikio tu na kusema. Lakini mimi ng'ombe nimeanza juzi, sijiamini. Nikatafuta kwenye simu. Ikaja yenu, mbele ya zote. Nikasema aliyekaa mbele amepimwa huyo. Hata sisi kanisani hatumweki mtu mbele hivi hivi." Akateremsha khanga. "Ni nani aliyeandika pale? Nataka nimjue tu."

Lerionka alifungua mdomo. Jina lililokuwa chini ya ukurasa ule lilikuwa lake.

"Ni mimi, mama," Agnela alisema. "Daktari aliandika sawa. Aliandika magonjwa mawili, mimi nikayafanya ugonjwa mmoja."

"Kwa nini?"

Alitaka kusema kuhusu mada, na viungo, na kurasa zinazoangushana. Kila neno alilolishika lilikuwa halifai kusemwa mbele ya mzoga. "Ili tuwe wa kwanza," alisema.

Naeku alimwangalia. Hakumtukana, na ingekuwa afadhali amtukane. Agnela alitoa simu, akabonyeza kile kitufe alichokuwa amekishikilia njia nzima. Simu ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena. Akamgeuzia Naeku kioo aone kwamba haupo.

"Haya, umetoa," Naeku alisema. "Sasa mwingine akitafuta leo ataona nini?"

"Ataona ya mtu mwingine."

"Aliyepimwa?"

"Sijui, mama."

"Aa, sasa! Umemtoa mtu mbele, pameachwa wazi, na ng'ombe wa watu wanaumwa leo leo. Kaa hapo uandike." Alimvutia ndoo ya kukamulia, akaigeuza chini juu. "Kaa! Daktari yupo, mimi nipo, huyo ng'ombe yupo. Unataka nini tena?"

Akakaa kwenye ndoo. Na alijua kitu ambacho wale wengine hawakujua: Mangi hutazama tovuti yake kila mara, na akishaona, atabadilisha neno la siri, na yeye hataingia tena. Akaandika kwa vidole gumba viwili, haraka kuliko alivyowahi kuandika maisha yake. Lerionka alikuwa anamtajia, yeye anaandika. Akaandika dalili jinsi watu wanavyoziona, siyo zinavyoitwa vitabuni. Ng'ombe amevimba tezi chini ya masikio na anapumua kwa shida: hii ni ndigana kali. Naeku akaingilia, akasema weka povu, mimi nililiona povu kwanza. Akaweka povu. Ng'ombe ana kinyesi kigumu na ufizi umepauka: hii ni ndigana baridi. Kurasa mbili, na juu ya kila mmoja sentensi moja ileile: Haya ni magonjwa mawili, ugonjwa mmoja haugeuki kuwa mwingine, usianze na dawa ya mwenzake, mwite daktari kabla hujachoma. Alimsomea Lerionka kila mstari kwa sauti. Lerionka akamrudisha mahali pawili. Akarekebisha, akaweka.

Alipotaka kufungua tena aangalie nukta, tovuti ilimkataa. Neno la siri si sahihi. Na hapohapo simu ikaita.

"Ukurasa uko wapi?" Mangi alikuwa anapumua kama aliyekimbia.

"Nimeufuta, bosi. Nimeweka mbili mpya. Daktari amezisoma zote."

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema nisirudi."

"Basi."

"Bosi, mtamba amekufa."

Kwa muda Agnela alifikiri labda atasema neno. Lakini simu ilikatika, na hakujua kama ni Mangi aliyekata au ni mtandao.

Alirudi mjini kwenye gari la Lerionka, hawakuongea mpaka Sakina. Ijumaa hakwenda kazini. Jumamosi alitafuta ndigana kwenye simu ya mpangaji mwenzake. Jirani alikuwa juu. Kurasa zake mpya alizitafuta chini, na chini zaidi, akazikuta mbali kabisa, mahali ambapo watu hawafiki. Lakini zilikuwepo. Mangi hakuwa amezigusa, na Agnela hakujua ahesabu hilo kuwa ni nini.

Jumapili akapanda Oldonyo Sambu. Hakuna aliyemwita. Alikaa benchi la mwisho, Mkatoliki peke yake katikati ya Walutheri, anainuka pale wanapokaa na kukaa pale wanapoinuka. Baada ya ibada watu walitoka nje, ndizi na mayai ya sadaka yakanadiwa kama kawaida, watu wakataniana bei. Kisha mwenyekiti wa kikundi cha kina mama akasimama katikati ya duara, akatangaza kwamba leo ni siku ya makabidhiano. Akamwita Theresia. Theresia akatoka na gauni lake la kanisani, kamba mpya ameizungusha mkononi, maana mwenye zamu huja na kamba, na yeye hakuona sababu ya kuvunja utaratibu. Kisha mwenyekiti akamwita Naeku.

Naeku hakwenda. Alizunguka nyuma ya watu mpaka alipokuwa amejificha Agnela, karibu na ukuta, akamshika kiwiko.

"Binti," alisema, kwa sauti ya watu wote kusikia, "si wewe unayependa kukaa mbele? Twende mbele."

Watu wakawapisha. Katikati ya duara Naeku alisema kwanza kwa Kiarusha, maneno mengi, na minong'ono ikaanza kwa wazee upande wa kushoto. Kisha akageukia Kiswahili. "Mtamba hayupo. Huyu atawaeleza kwa nini."

Alikuwa ameandaa maneno tangu jana. Yalianza na pole, yakaeleza mitandao inavyofanya kazi, yakamalizikia na pole. Yote yalimtoka kichwani. Aliwaona watu wote wale wanamtazama, wenye ng'ombe wawili, wenye ng'ombe kumi, na kila mmoja ana simu mfukoni.

"Naitwa Agnela," alisema. "Ndigana kali na ndigana baridi ni magonjwa mawili. Mimi niliandika ni ugonjwa mmoja. Mama Naeku akaniamini."

Mzee mmoja alisema kwa nguvu, "Hata mtoto anajua ni mawili!" na wengine wakamwambia anyamaze. Agnela alisubiri wamalize. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Theresia ndiye aliyesogea. Alisimama mbele yake, akamtazama toka juu mpaka chini, akaivua ile kamba mkononi, akamwekea Agnela mikononi mwake.

"Kaa nayo," alisema. "Ng'ombe wa Naeku akizaa jike tena, wewe ndiye utakayeileta. Siku hiyo usichelewe."

Agnela aliishika. Ilikuwa ngumu bado, haijawahi kufunga kitu.